Dizeli Nyekundu: Ushuru wa Barabara kwa Asiyekanyaga Barabara

Majira ya baridi ya kwanza niliyoyaishi katika jimbo la Maine, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, boila, yaani mtambo wa kuipasha joto nyumba tuliyopanga, ilizimika usiku wa kuamkia Jumapili, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua sababu. Nilikulia Kilosa, na baridi kali kuliko zote niliyokuwa nimeionja ni ile ya Lushoto mwezi wa Julai, ambayo mtu huimaliza kwa sweta na kikombe cha chai ya tangawizi. Ya Maine ni ya namna nyingine. Maji huganda ndani ya bomba, bomba likapasukia ukutani, na nyumba ikaharibika kwa usiku mmoja. Kulipokucha nilimgongea jirani, mzee aliyezidi miaka sabini, naye akashuka nami hadi chumba cha chini ya nyumba akiwa bado amevaa ndara zake za ndani, akaligonga tangi la chuma kwa kifundo cha kidole kuanzia juu hadi chini. Liliitika kama ngoma mpaka mwisho. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Alinichukua kwenye gari lake pamoja na dumu la njano la galoni 5, yaani lita 19 hivi. Huku rangi ya dumu ina maana yake: la njano ni la dizeli, jekundu ni la petroli, la buluu ni la mafuta ya taa. Tulipofika kwenye kituo cha mafuta alizipita pampu zote za mbele, penye paa na taa, akazunguka nyuma ya jengo ambako pampu moja ya zamani ilisimama peke yake kando ya lundo la theluji. Kibandiko chake kilieleza kwamba dizeli hiyo imetiwa rangi, kwamba ni kwa matumizi yasiyotozwa ushuru tu, na kwamba kuna adhabu kwa atakayeitumia kinyume cha hapo. Mafuta yaliyotoka yalikuwa mekundu kama juisi ya choya. Nilimuuliza kama hayo ndiyo mafuta ya nyumba. Alinijibu kwamba mafuta ni yale yale ya pampu za mbele, ila haya hayalipii barabara, kwa sababu boila yangu haiendi barabarani.

Tuliporudi aliyamimina kwenye tangi, akalegeza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa pampu ya kichomeo, akatoa upepo kama fundi wa trekta anavyotoa upepo kwenye injini iliyoishiwa dizeli, mpaka povu likakoma na mafuta yakatoka mfululizo. Boila ikaguruma. Watoto walirudi kulala. Mimi nilibaki nikiwaza jibu lake, na kwa kuwa tangu wakati huo nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, ambako dizeli nyekundu huingia na kutoka kila siku, nimeendelea kuliwaza hadi leo.

Kwanza niyaeleze mafuta yenyewe. Dizeli ya barabarani, dizeli ya mashambani na mafuta ya kupasha nyumba joto katika majimbo haya ni karibu kitu kimoja. Zamani zilitofautiana kwa kiasi cha salfa: dizeli ya magari iliwekewa kikomo cha sehemu 500 kwa milioni mwaka 1993, kisha sehemu 15 kuanzia mwaka 2006, huku ile ya mitambo ikichelewa hadi mwaka 2010 kufikia kiwango hicho hicho. Mafuta ya kupasha nyumba hapa Maine na katika majimbo jirani yalifikia sehemu 15 mwaka 2018. Kwa hiyo leo mtu akichota kikombe kwenye tangi la boila na kikombe kingine kwenye tangi la lori, kitu kikubwa kinachovitenganisha vikombe hivyo ni rangi, na nyuma ya rangi kuna ushuru.

Ushuru wenyewe ni huu. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 24.4 kwa kila galoni ya dizeli, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu miaka ya 1990. Jimbo la Maine huongeza senti 31.2. Jumla ni senti 55.6 kwa galoni, na sehemu kubwa ya fedha hizo hupelekwa kwenye ujenzi na matengenezo ya barabara na madaraja. Hoja iliyo nyuma yake ni rahisi na, kwa maoni yangu, ni ya haki: anayeichakaza barabara ndiye ailipie, na kiasi cha mafuta anachochoma ni kipimo cha kutosha cha kiasi anachoichakaza. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa, inabidi ikubaliwe mpaka mwisho. Trekta linalolima, jenereta ya hospitali, mashine ya kukamua maziwa inayoendeshwa na jenereta umeme unapokatika, na boila inayowapasha watoto joto, vyote havikanyagi lami, na kwa hiyo havistahili kudaiwa.

Tatizo lilikuwa namna ya kumjua nani ni nani. Kabla ya miaka ya 1990, mtu aliweza kununua mafuta kwa jina la kupasha nyumba na kuyauza kwa malori, na ushuru ukapotelea katikati ya msururu wa makampuni yaliyouziana mafuta kwenye karatasi tu. Sheria ya mwaka 1993 iliuhamisha ukusanyaji wa ushuru ukafanyika kwenye maghala makubwa, pale mafuta yanapopakiwa kwenye malori ya tangi, na ikaamuru kwamba yoyote yatakayotoka humo bila kulipiwa yatiwe rangi papo hapo. Kwa muda mfupi mwanzoni, mafuta yenye salfa nyingi yalitiwa rangi ya buluu, lakini buluu ilikuwa tayari ni rangi ya petroli ya ndege ndogo, na hofu ya kuchanganya mafuta ya ndege na ya trekta haikuhitaji mjadala mrefu. Nyekundu ikachaguliwa. Watafiti wa uchumi walioangalia takwimu za kipindi kile waliona kwamba, mara rangi ilipoanza, mauzo ya dizeli ya barabarani yalipanda na mauzo ya mafuta ya kupasha nyumba yakashuka, ingawa nyumba hazikuwa zimeanza ghafla kupata joto kwa njia nyingine.

Kiasi cha rangi kinachotakiwa ni kidogo mno. Kanuni inakipima kwa pauni 3.9 za rangi ya kipimo kwa kila mapipa 1,000, maana yake chini ya kilo mbili katika lita 159,000 hivi. Hata hivyo kidogo hicho hakifichiki. Tangi la gari likishawahi kupokea dizeli nyekundu, hata likijazwa nyeupe, yaani isiyotiwa rangi, mara kadhaa baadaye, wekundu wa mbali hubaki, na mkaguzi mwenye mrija wa kuvutia sampuli huuona.

Nililijua hilo kwa hofu kabla ya kulijua kwa maelezo. Mwezi wangu wa tatu shambani nilitumwa mjini kuchukua vipuri kwa kutumia pikapu ya shamba, ambayo injini yake ni ya dizeli, na kipimo cha mafuta kilikuwa karibu na mwisho. Nyuma ya zizi kuna tangi la galoni 500 lililoinuliwa juu ya miguu ya chuma, lenye mpira na nozeli. Nilisogeza pikapu, nikafungua kifuniko, na nozeli ilikuwa imekwisha kuingia mdomoni mwa tangi mwenye shamba aliponiona kutoka mlango wa zizi. Alikuja mbio, na kwa umri wake si mtu wa kukimbia. Hakunigombeza. Aliitoa nozeli mwenyewe, akanielezea kwamba adhabu ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, yoyote iliyo kubwa zaidi, kwamba huongezeka kosa likirudiwa, na kwamba hata kumkatalia mkaguzi asichukue sampuli kuna adhabu yake ya dola 1,000. Kwa pikapu ile yenye tangi la galoni 30, dola 10 kwa galoni zingekuwa 300 tu, kwa hiyo tungedaiwa 1,000. Kwa lori lenye galoni 250 zingekuwa 2,500. Kuokoa senti 55.6 kwa galoni kwenye tangi la galoni 30 ni kuokoa dola 16 na senti 68.

Sitaki kumwonyesha mwenye shamba yule kama mtu anayeiogopa serikali tu. Anaiheshimu rangi kwa sababu inamtunza. Lori la mafuta likija kumjazia galoni 500, msamaha wa ushuru unambakizia dola 278 mfukoni, na katika msimu wa kulima na kukata majani ya silaji lori huja mara nyingi. Bei ya maziwa hapangi yeye. Mwaka 2022, dizeli ilipofikia wastani wa zaidi ya dola 5.80 kwa galoni nchini kote mwezi wa Juni, nilimwona akikaa mezani na daftari lake la risiti akihesabu kama akate majani mara tatu au mara mbili. Alikata mara mbili na ziada kidogo, na ng'ombe wakala mahindi yaliyonunuliwa mwezi wa Machi. Kwa mkulima wa kiasi chake, senti 55.6 si pesa ya kujivunia. Ni tofauti kati ya kukata majani na kuyaacha.

Kuna mambo katika mpango huu ambayo niliyajua polepole na yananifanya niuone kuwa umefikiriwa. Mkulima aliyelazimika kununua dizeli nyeupe, labda kwa kuwa nyekundu haikupatikana karibu, anaweza kudai arejeshewe ushuru wa serikali kuu anapojaza hesabu zake za kodi, kwa fomu yenye namba 4136. Mabasi ya shule na magari ya serikali za mitaa huruhusiwa kutumia nyekundu barabarani. Na vimbunga vinapokata usambazaji wa mafuta, Idara ya Mapato huisimamisha adhabu kwa muda, kama ilivyofanya Texas na Florida mwaka 2017 baada ya Harvey na Irma, ili magari yaendelee kutembea kwa dizeli nyekundu ilimradi ushuru ulipwe.

Uzuri huo wote, hata hivyo, umejengwa kwa ajili ya anayenunua kwa wingi, na ndipo mahali panaponiuma.

Tangi la kawaida la nyumba huku ni la galoni 275. Wauzaji wengi wa mafuta hawatumi lori kwa chini ya galoni 100. Dereva huvuta mpira wake hadi kwenye bomba lililotokeza ukutani, hufungua, na husikiliza mluzi unaotoka kwenye bomba la hewa. Mluzi ukikoma, tangi limejaa. Galoni 100 kwa dola 4 ni dola 400, nazo hutakiwa siku ile ile kwa mteja asiye na historia ya mikopo. Familia iliyofika majuzi, yenye kibali cha kazi kilichochelewa na watoto wanne, haina dola 400 kwa mkupuo katikati ya Januari. Ina dola 20. Kwa hiyo huchukua dumu la njano na kwenda kwenye kituo kilicho karibu zaidi, na kituo kilicho karibu na nyumba za kupanga za katikati ya mji mara nyingi hakina pampu ya nyuma. Kina dizeli nyeupe tu, ya magari, iliyolipiwa barabara. Wanaimimina kwenye tangi la boila. Inawaka vizuri kabisa, kwa kuwa ni kitu kile kile, na katika kila galoni wanachoma senti 55.6 za matengenezo ya barabara ndani ya chumba cha chini ya nyumba.

Nilipolitambua hilo nilikumbuka duka la jirani yetu Kilosa, ambako mama alinituma na chupa ya soda kununua mafuta ya taa ya kujaza chemli na koroboi. Mwenye duka alipima kwa kikombe cha bati. Aliyekuwa na uwezo wa kununua dumu zima mjini alilipa bei ya mjini. Sisi wa chupa tulilipa bei ya mjini, na nauli, na faida ya mwenye duka, na yale yaliyomwagika wakati wa kupima. Mtoto hakumbuki shilingi ngapi, lakini hukumbuka sura ya mama yake anapoitazama chupa kwenye mwanga kuona imefika wapi.

Na kwetu jambo hilo lilikuwa na upande mwingine ambao wasomaji wa Tanzania wenye umri wangu hawajausahau. Kwa muda mrefu ushuru wa mafuta ya taa uliwekwa chini ili mwananchi wa kawaida aweze kupika na kuwasha taa, huku dizeli ikibeba ushuru mkubwa zaidi. Tofauti hiyo ilizaa biashara ya kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na kuyauza vituoni kwa bei ya dizeli. Hapo ndipo neno kuchakachua lilipotoka kwenye visima vya mafuta na kuingia midomoni mwa watu wote, hadi mwaka 2010 likawa linatumika kwa kura, kwa pombe, kwa vyeti na kwa ahadi. Injini ziliharibika. Serikali ilijibu kwa njia mbili. Kwanza, kuanzia mwaka 2010, mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani yalianza kuwekwa vinasaba, yaani alama ya kikemia isiyoonekana kwa macho, ili yale ya kupita kwenda nchi jirani au yenye msamaha yakiuzwa vituoni yajulikane kwa kukosa alama. Pili, katika bajeti ya mwaka 2011/12, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili bei yake ikaribie ya dizeli na faida ya kuchanganya iishe. Kenya ilipita njia inayofanana mwaka 2018 ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa jina la wazi kabisa la kuzuia uchakachuaji.

Kama hesabu, hatua hiyo ilikuwa na mantiki, na sitasema kwamba waliobuni hawakuwa na tatizo la kweli mbele yao. Lakini angalia nani aliyelipa. Aliyechakachua alikuwa mtu mwenye tangi, pampu na lori. Aliyepandishiwa bei alikuwa yule wa chupa ya soda, katika wakati ambao kaya nyingi za vijijini hazikuwa na umeme, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na dizeli ya kuichanganya na chochote. Marekani ilipokutana na wizi wa aina hiyo hiyo, iliyatia rangi mafuta yasiyolipiwa na kumwacha mwenye boila na bei yake ya chini, kisha ikamtafuta mwizi kwenye tangi la lori. Kwetu vinasaba vilikuwa vimekwisha kuanza kazi. Ningependa vingepewa miaka zaidi kabla ya koroboi kutozwa.

Baba yangu mdogo alikuwa na mashine ya kusaga kijijini, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja iliyofungwa juu ya zege, na kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kupakia dumu kwenye baiskeli na kulifuata dizeli mjini. Injini ile haikusogea hata hatua moja kutoka siku ilipofungwa. Kila lita iliyoinywa ilikuwa na tozo ya barabara ndani yake, na tozo hiyo iliingia kwenye bei ya kusaga debe, na bei ya kusaga debe ililipwa na kina mama waliokuja na mahindi kichwani kwa njia ya miguu ambayo greda halijawahi kuipitia. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwamba walikuwa wakichangia lami. Mimi mwenyewe sikuwa na habari hiyo mpaka mzee wa Maine aliponiambia kwamba boila yangu haiendi barabarani.

Rangi nayo ina wezi wake, na haki inanidai nilitaje hilo. Kwenye mpaka wa Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, magenge yalikuwa kwa miaka mingi yakiiosha dizeli ya mashamba kwa tindikali na udongo wa kuchujia ili kuondoa rangi, nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, kisha kuiuza kwa magari. Tope la sumu lililobaki lilitupwa kando ya barabara na karibu na mito, na halmashauri zikalipa kulisafisha. Mwaka 2015 serikali za Uingereza na Jamhuri ya Ireland zilianza kutumia alama mpya iliyo ngumu zaidi kuondolewa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi tarehe 1 Aprili 2022, ilipoyaondolea makampuni ya ujenzi na sekta nyingine nyingi haki ya kutumia dizeli nyekundu, ikibakiza wakulima na wachache wengine. Hapo naona swali jema: msamaha uliokusudiwa kwa mkulima unapowafikia wachimbaji wakubwa wa kokoto kwa kiasi kile kile, je, bado ni ule ule? Sina haja ya kulimaliza. Shida ninayoiona kila Januari ni ya upande wa chini kabisa.

Upande huo wa chini una hata waliofungiwa nje ya dizeli nyekundu yenyewe. Dizeli huanza kuganda nta katika baridi isiyo kali sana kwa viwango vya hapa, na tangi lililo nje ya nyumba, kama ilivyo kwa nyumba za trela, haliwezi kulishwa dizeli tupu katikati ya majira ya baridi, mrija huziba. Wakazi wake hutumia mafuta ya taa, au mchanganyiko, na mafuta ya taa huku ni ghali kuliko ya boila. Wanaoishi kwenye trela ndio wenye kipato cha chini, na kuta zake ndizo nyembamba zaidi. Kuna msaada wa serikali kuu wa kulipia joto la nyumba, ulioanzishwa mwaka 1981, nao umeokoa watu wengi, ila fungu lake kwa familia moja huweza kwisha kabla baridi haijaisha.

Desemba iliyopita mama mmoja kutoka Bukavu, anayesali nasi, alinipigia simu jioni. Alisema, "Kaka, mazutu imeisha mu tangi," na kwamba amekwisha kumtuma kijana wake akalete petroli. Nilisimama ghafla. Kwetu petroli ni ya pikipiki, na petroli ya pikipiki ikiingia kwenye kichomeo cha boila inaweza kuiteketeza nyumba. Nilimsihi amzuie mtoto kwanza. Ilichukua dakika kadhaa kuelewana: kwao mazutu ni dizeli, petroli ni mafuta ya taa, na ile ya pikipiki huitwa esansi. Alichomtuma mtoto hakikuwa na hatari. Lakini kijana yule amesoma hapa, na Kiswahili chake amejifunza kwa marafiki wa Dar es Salaam na wa Mombasa, na sikuwa na hakika ameelewa petroli ya nani. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta amesimama kituoni na dumu la njano juu ya kigari cha watoto cha kuteleza kwenye theluji, akisubiri mama yake ampigie tena.

Usiku ule, baada ya kutoa upepo na kuwasha boila, mama alinionyesha bati la biskuti lililokuwa na risiti za dizeli nyeupe tangu Oktoba. Hakuwa akizitunza kwa sababu yoyote ya kodi. Alizitunza kwa kuwa kwao karatasi ya malipo haitupwi. Hana gari, na kituo cha karibu ni kile cha pampu za mbele tu. Nilimweleza habari ya fomu 4136, kwamba anayechoma dizeli iliyolipiwa ushuru kwa kupasha nyumba anaweza kuudai ule wa serikali kuu, akanitazama kama mtu anayeambiwa kwamba kuna barua yake imekaa posta muda mrefu. Tuliendelea kuweka risiti, kila moja ikiandikwa tarehe na idadi ya galoni kwa kalamu, mpaka mwezi wa Machi.

Zilifika 38. Madumu 38 ya galoni 5 ni galoni 190, na kwa senti 24.3 kila moja, kwa kuwa ile sehemu ya kumi ya senti hairudishwi, ni dola 46 na senti 17. Tulifanya hesabu hiyo mezani pake, kijana akishika simu kuihakiki. Mama aliuliza kiasi hicho kinanunua madumu mangapi, kijana akamwambia mawili na zaidi kidogo. Alinyamaza, kisha akazipanga risiti upya kwenye bati kwa mpangilio wa tarehe, akafunga kifuniko, na akaniuliza ile pampu ya nyuma iko kituo gani. Ilikuwa bado mapema. Tulivaa makoti, tukapakia madumu mawili kwenye gari langu, na nikawapeleka wote wawili wakaione.